Prosesa gani kwa kadi gani: mwongozo kwa mwenye bajeti ndogo

Swali hili huja karibu kila mara likiwa nusu: "Nimepata kadi hii ya grafiki, niweke prosesa gani?" Nusu iliyoachwa ndiyo yenye jibu. Utacheza gemu zipi, na skrini yako inaonyesha fremu (yaani picha) ngapi kwa sekunde? Bila kuyajua hayo, ushauri wowote utakaopewa ni wa kubahatisha. Nimeona watu wakinunua prosesa ya viini 12 (viini ni sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) kwa sababu imesifiwa, wakabaki na fedha ya kadi dhaifu. Nimeona wengine wakichomeka kadi nzuri kwenye kompyuta ya ofisi ya mwaka 2013, gemu ikawa inakatakata kila wanapoingia mjini. Fedha ikiwa ni ya kudunduliza, makosa ya namna hiyo yanauma, na yanaepukika ukifuata mpangilio.

Nani anafanya kazi gani

Kila fremu unayoiona huanzia kwenye prosesa. Ndiyo inayosoma kitufe ulichobonyeza, ikakokotoa adui ameelekea wapi, risasi imegonga nini, gari limeyumba kiasi gani, kisha ikaandaa orodha ya vitu vya kuchorwa na kuikabidhi kadi. Kadi huipokea orodha hiyo na kupaka rangi, vivuli na mwanga mpaka picha ikamilike. Ifikirie karakana ya mafundi wawili, mmoja anakata vitambaa na mwingine anashona. Mkataji akiwa mzito, mshonaji anakaa kusubiri. Mshonaji akibebeshwa nakshi nyingi, vipande vinarundikana mezani na zamu ya kusubiri inakuwa ya mkataji. Nguo zinazotoka kwa siku ni kwa kasi ya yule mzito zaidi.

Sasa shika jambo moja, maana uchaguzi wote unaegemea hapo. Ukipandisha rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha, unaongeza nakshi. Vitambaa vya kukata vinabaki karibu vile vile. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2.07, ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, na ya 3840 kwa 2160 ina milioni 8.29. Mzigo huo wa ziada unaibebesha kadi. Prosesa ikiwa na uwezo wa kuandaa fremu 110 kwa sekunde katika gemu fulani, uwezo huo utabaki karibu na 110 iwe skrini ni ndogo au kubwa. Kwa hiyo prosesa ina kikomo chake na kadi ina kikomo chake, na wewe unapata kile cha chini kati ya hivyo viwili. Mwenye bajeti ndogo anatafuta prosesa ya bei ya chini kabisa ambayo kikomo chake kinatosha fremu anazozihitaji, halafu kila kinachobaki anakipeleka kwenye kadi.

Hatua ya 1: Andika unachokihitaji

Chukua karatasi. Andika gemu tatu au nne unazocheza kweli (zile unazotamani kuzicheza siku moja ziweke kando kwanza), rezolusheni ya skrini yako, na hezi zake (mara ngapi kwa sekunde inabadili picha). Skrini ya hezi 60 inaipa kompyuta milisekunde 16.7 kuandaa kila fremu. Ya hezi 144 inaipa 6.9 tu. Hii ndiyo sababu mtu mwenye skrini ya hezi 60 anaweza kuridhika kabisa na prosesa ambayo mwenye skrini ya hezi 144 ataiona mzigo.

Kisha tazama aina za gemu zako. Counter-Strike 2 na Valorant haziitesi kadi sana, lakini wachezaji wake wanataka fremu mia mbili na zaidi, na hapo prosesa ndiyo inayoamua. Cities: Skylines na gemu nyingine za kujenga miji au kuendesha majeshi makubwa zinailemea prosesa hata kwa fremu chache, kwa sababu kila raia na kila askari anahitaji kukokotolewa. Cyberpunk 2077 inabebesha pande zote mbili: mwanga na vivuli ni vya kadi, msongamano wa watu barabarani ni wa prosesa. Gemu za hadithi unazozicheza taratibu kwa fremu 60 ndizo zenye huruma zaidi kwa prosesa ya kawaida.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi siku hizi. Ukiwasha DLSS au FSR, teknolojia za kukuza picha, kadi inachora picha ndogo kisha inaikuza. Kwenye skrini ya 2560 kwa 1440, DLSS katika kiwango cha Quality inachora 1707 kwa 960 tu. Kadi inapumua, fremu zinapanda, na ghafla unagonga kikomo cha prosesa ambacho hukuwa umekiona. Kwa hiyo aliyepanga kutumia teknolojia hizi asijidanganye kwamba skrini yake kubwa inamkinga na prosesa dhaifu. Ule uzalishaji wa fremu za katikati nao haukisogezi kikomo hicho: namba kwenye skrini inapanda, ila prosesa inaendelea kusoma vitufe vyako kwa kasi ile ile ya mwanzo.

Hatua ya 2: Kama tayari una kompyuta, ipime kabla hujanunua chochote

Hatua hii ni ya bure, na ndiyo inayorukwa zaidi. Pakua MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, uweke kwenye skrini vipimo hivi: matumizi ya kadi, matumizi ya kila uzi wa prosesa (uzi ni foleni moja ya kazi; kiini kimoja huweza kubeba nyuzi mbili), fremu kwa sekunde, na RAM (kumbukumbu ya kazi) iliyotumika. Zima V-Sync (inayofunga fremu kwa kasi ya skrini), ondoa kizuizi chochote cha fremu ndani ya gemu, kisha ingia sehemu nzito ya gemu yenyewe. Menyu haina maana hapa, wala chumba kitupu. Tafuta soko lililojaa, pambano la watu wengi, au mji uliokwisha kukua.

Kadi ikisoma asilimia 95 hadi 99, kadi ndiyo inayokuzuia, na prosesa mpya haitakuletea kitu cha maana. Ikisoma asilimia 60 au 70 huku fremu hazifiki unapotaka, prosesa inashukiwa. Thibitisha hivi: simama mahali pale pale, andika fremu, shusha rezolusheni mpaka 1280 kwa 720 bila kugusa mpangilio mwingine, andika tena. Fremu zikiruka juu sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisiposogea, umegonga kikomo cha prosesa au cha RAM inayoilisha.

Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa. Prosesa ya nyuzi 12 ikiwa na uzi mmoja uliojaa pomoni, uzi huo peke yake unaonekana kama asilimia 8 hivi ya jumla. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu unaozivuta nyingine zote, na huo ukijaa, prosesa inaweza kuonyesha asilimia 35 na bado ikawa ndiyo kikwazo. Ndiyo maana nimesisitiza utazame kila uzi.

Zipo tovuti zinazokuambia prosesa fulani na kadi fulani "zinakwamishana kwa asilimia 17". Ziache. Namba moja haiwezi kuwa kweli kwa gemu zote na rezolusheni zote, na maelezo ya hapo juu yanaonyesha kwa nini. Kipimo chako mwenyewe cha dakika kumi kina thamani kubwa kuliko namba hiyo.

Ukitafuta vipimo vya watu wengine, chagua vile vilivyofanywa kwa rezolusheni ya 1920 kwa 1080 na kadi kali sana. Vinaonekana havikuhusu, maana kadi yako si ile. Lakini kadi kali inapowekwa kwenye rezolusheni ndogo, inayobaki kuonekana ni prosesa, na namba unayoisoma ni kikomo chake halisi. Isome namba hiyo kisha isome ya kadi yako kwenye kipimo kingine. Ya chini kati ya mbili ndiyo utakayoipata nyumbani. Tazama pia ile asilimia 1 ya fremu za chini kabisa. Wastani wa fremu 90 wenye mishtuko ya 30 unachosha macho kuliko 60 iliyotulia.

Hatua ya 3: Jifunze kuisoma prosesa

Gigahezi peke yake haisemi mengi. Kiini cha mwaka 2022 kinafanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo kuliko cha mwaka 2013, hata zikiandikwa gigahezi sawa. Kwa hiyo kizazi kinatangulia, viini vinafuata.

Kwa viini, msimamo wangu ni huu: viini 6 vyenye nyuzi 12 ndiyo sakafu kwa anayenunua leo akitaka kukaa miaka kadhaa. Core i3-12100F ya Intel ina viini 4 na nyuzi 8, na kwa sababu viini vyake ni vya kisasa inaendesha gemu nyingi kwa fremu 60 bila shida. Ninaikubali kwa mwenye bajeti iliyobanwa sana, hasa kwa vile soketi yake (mahali prosesa inapokaa kwenye ubao mama) ya LGA1700 inamruhusu baadaye kuweka prosesa kubwa bila kubadili ubao mama. Prosesa ya viini 4 bila nyuzi za ziada, zile i5 za zamani, usiinunue tena kwa ajili ya gemu mpya. Zitakuonyesha wastani mzuri na kukukata kila kona.

Baada ya viini, kache. Hii ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na gemu zinaipenda kwa sababu zinarudia data ile ile mara kwa mara. Isipokuwepo kwenye kache, prosesa inalazimika kusubiri RAM, ambayo iko mbali. Tofauti ya kache ndiyo inayotenganisha prosesa zenye majina yanayofanana mno, na wauzaji wengi hawaisemi. Ryzen 5 5600 ya AMD ina megabaiti 32 za kache ya L3, ile kubwa ya pamoja. Ryzen 5 5500, yenye viini 6 na nyuzi 12 vile vile, ina 16. Ryzen 5 5600G nayo ina 16. Ryzen 7 5700X ina 32, lakini Ryzen 7 5700 isiyo na X ina 16, ingawa zote zina viini 8. Kwa hiyo 5600 ya viini 6 inaweza kuishinda 5700 ya viini 8 katika gemu, tena kwa fedha kidogo. Mchezo huo huo umerudi kwenye soketi mpya ya AM5: Ryzen 5 7500F na 7600 zina megabaiti 32, Ryzen 5 8400F ina 16 ijapokuwa namba yake ni kubwa zaidi. Namba kubwa isikutishe wala isikuvutie. Fungua ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji, utafute mstari wa L3.

Prosesa zenye X3D mwishoni zina kache iliyobebeshwa juu ya chipu, jumla megabaiti 96 kwa Ryzen 7 5800X3D, 5700X3D na 7800X3D. Kwa gemu ni nzuri mno. Kwa bajeti ndogo, mahali pake ni kwa mtu ambaye tayari ana ubao wa AM4 (soketi ya AMD iliyotangulia AM5) na Ryzen ya zamani: anabadili prosesa moja tu, RAM na ubao vinabaki, naye anapata miaka mingine mbele. Kwa anayeanza na kadi ya daraja la kati, fedha hiyo inafanya kazi zaidi ikiwa ndani ya kadi.

Herufi F kwenye prosesa za Intel, na kwenye zile Ryzen chache zilizo nayo, ina maana kwamba hakuna grafiki ya ndani. Bei inashuka na kasi ya gemu haibadiliki. Unachopoteza ni njia ya kuwasha skrini siku kadi ikiharibika, na kwa Intel unapoteza pia Quick Sync, inayowasaidia sana wanaohariri video. Kama kompyuta hiyo ndiyo inayokuletea riziki, lipia i5-12400 isiyo na F. Ukicheza tu, chukua F.

Na sasa neno kwa wanaovutwa na Xeon za zamani za seva. Ninawaelewa, kwa sababu nilipita huko. Viini 10 au 12 kwa fedha ya chakula cha siku chache inaonekana kama bahati. Niliiunganisha, nikaweka kadi nzuri, na kwa miezi kadhaa nikawa ninalaumu kadi, draiva (programu inayoiendesha kadi), hata intaneti. Zile prosesa zilijengwa kuhudumia kazi nyingi ndogo kwa wakati mmoja, kila kiini kikienda taratibu. Gemu yenye uzi mmoja mkuu inavitazama vile viini 12 na kutumia nguvu ya viwili vitatu. Mdogo wangu alipokuja na i3 ya viini 4 na kadi kama yangu, mchezo wake ulitiririka kuliko wangu. Tangu siku hiyo sihesabu viini kabla ya kutazama kizazi.

Hatua ya 4: Hesabu njia za PCIe za kadi yako

Jambo hili halimgusi mwenye kadi kubwa. Linamgusa mwenye bajeti ndogo, na ndiye asiyeambiwa.

Kadi huzungumza na prosesa kupitia njia za PCIe, yaani mchomeko wake kwenye ubao mama; namba kama 3.0 au 4.0 ni kizazi chake. Kadi kubwa zina njia 16. Kadi nyingi za bei nafuu zimepunguzwa: RX 6600, RX 7600 na RTX 4060 zina njia 8, na RX 6500 XT ina njia 4 tu. Kwenye PCIe 4.0, njia 8 hupitisha takriban gigabaiti 16 kwa sekunde, kiasi kinachotosha. Ukiiweka kadi hiyo hiyo kwenye mfumo wa PCIe 3.0, kiasi hicho hukatwa nusu. Kwa kadi yenye gigabaiti 8 za VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) athari huwa ndogo mpaka VRAM inapojaa. Kwa RX 6500 XT, yenye gigabaiti 4 na njia 4, ni pigo: VRAM inajaa haraka, data inamiminika kwenye RAM, na mlango wenyewe ni mwembamba. Kadi hiyo usiiweke kabisa kwenye PCIe 3.0.

Sasa rudi kwenye prosesa. Ryzen 5 5600 inatoa PCIe 4.0. Ryzen 5 5500, 5600G na ile 5700 isiyo na X zinatoa 3.0. Ubao nao una neno lake (B550, B450, A520 na H610 ni aina za mbao mama): B550 unaipa kadi 4.0, ilhali B450 na A520 zinabaki 3.0 hata ukiweka 5600. Upande wa Intel, i3-12100F na i5-12400F zinatoa 4.0 hata kwenye ubao wa bei ya chini wa H610. Kwa mwenye kadi ya njia chache, hiyo ni sababu nzito ya kuchagua upande huo.

Kadi za Intel Arc zina masharti yao. Zinahitaji Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) iwashwe. Bila hiyo zinapoteza nguvu nyingi. Na Arc B580, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na gigabaiti 12 kwa bei iliyowafurahisha wengi, ilionekana mapema mwaka uliofuata kuwa draiva yake inaibebesha prosesa kazi kubwa kuliko kadi shindani, kiasi kwamba ikiunganishwa na prosesa ya zamani iliachwa nyuma na kadi ambazo kwa kawaida inazishinda. Kama unaitaka, iunganishe na prosesa ya kisasa, na upime gemu zako.

Hatua ya 5: Chagua soketi, kisha prosesa

Piga hesabu ya vitu vitatu pamoja: prosesa, ubao mama na RAM. Prosesa ya bei ndogo inayodai ubao ghali imekwisha kupoteza unafuu wake.

AM4 inatumia DDR4 (kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5), ina vifaa vingi vya mtumba, na imefika mwisho wa njia. LGA1700 inakubali DDR4 au DDR5 kutegemea ubao, kwa hiyo aliye na vijiti vya DDR4 anaweza kuendelea kuvitumia. AM5 ni ya DDR5 tu, inagharimu zaidi mwanzoni, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kupita. Ukiwa na uwezo wa kuifikia bila kuikata kadi yako daraja zima, AM5 ndiyo ninayoipendekeza. Ukilazimika kushusha kadi ili uipate, baki na DDR4 bila majuto.

Kwa kadi ndogo kama GTX 1650 au RX 580, i3-12100F au Ryzen 5 5500 zinatosha. Kwa RX 6600, RTX 3060, RTX 4060 au RX 7600, ambazo ndizo kadi za wengi wetu, chukua Ryzen 5 5600 au i5-12400F. Kati ya hizo mbili acha bei iamue. Ukifika RX 6700 XT, RX 7700 XT au RTX 4070, na skrini yako ni ya hezi nyingi, angalia Ryzen 5 7500F au 7600, au 5700X3D kama ubao wa AM4 tayari unao. Kwa fremu 60 peke yake, hata kadi hizo kubwa zitaishi vizuri na 5600 katika gemu nyingi.

Soketi kufanana hakutoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 zinaingia kwenye LGA1151 sawasawa na za kizazi cha 6, lakini mbao za kizazi cha 6 na 7 hazizikubali. Ubao wa B450 unaikubali Ryzen 5 5600 baada ya BIOS (programu ya ndani ya ubao) kusasishwa, na kama ubao ni wa zamani na huna prosesa nyingine ya kuuwashia, hutaweza kuusasisha isipokuwa uwe na kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Fungua orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao, usome toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya prosesa yako, umuulize muuzaji toleo lililomo.

Anayefikiria kuiokoa kompyuta ya ofisi yenye i7-6700 au ndugu zake ajue pia kwamba Windows 10 ilimaliza kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel na Ryzen 2000. Isitoshe, nyingi ya kompyuta hizo zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kipekee, na kasha lisiloingia kadi ndefu. Kadi kama GTX 1650 isiyo na waya wa umeme, inayotumia wati 75 za mchomeko, ndiyo inayokaa humo kwa amani.

Hatua ya 6: Usiishindishe prosesa njaa

RAM iwe vijiti viwili vinavyofanana. Kijiti kimoja cha gigabaiti 16 kinaipa prosesa nusu ya upana wa njia ambao vijiti viwili vya 8 vingeipa, na kwa gemu zinazoitegemea prosesa utaiona tofauti hiyo kwa macho. Kwa DDR4 tafuta 3200 au 3600. Kwa AM5, DDR5 ya 6000 ndiyo inayozoeleka. Ubao wa H610 hauruhusu kuipandisha RAM kupita kasi rasmi, kwa hiyo kununua vijiti vya haraka kwa ajili yake ni kupoteza.

Ryzen 5 5600 na i5-12400F za boksini huja na feni yake, na inatosha. Zile za bila boksi haziji nayo, na 5700X3D haiji na feni kabisa, kwa hiyo ongeza gharama hiyo kabla hujalinganisha bei. Kwa umeme, RTX 4060 inatumia wati 115, RX 6600 wati 132, RX 7600 wati 165. Pawa saplai ya kuaminika ya wati 500 au 550 inazibeba bila wasiwasi. Nasema ya kuaminika kwa makusudi. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na kadi.

Hatua ya 7: Ukinunua mtumba

Prosesa ni miongoni mwa vitu salama zaidi kununua mtumba, maana hufa mara chache. Mbao mama hufa zaidi. Kwa AM4, geuza prosesa utazame pini zake chini ya mwanga, ukiinamisha pande zote nne. Pini iliyoinama inanyooka kwa subira, iliyokatika ni hasara. Kwa LGA1700 na AM5 pini ziko kwenye ubao, basi kagua ubao. Omba iwashwe mbele yako, fungua CPU-Z usome jina, kisha linganisha na maandishi ya juu ya kifuniko. Yapo majina yaliyofutwa na kuandikwa upya.

Ukiuziwa Intel ya kizazi cha 13 au 14 yenye nguvu, zile i5 za K, i7 na i9, uliza kuhusu BIOS. Prosesa hizo zilikuwa na tatizo la kupewa volti kupita kiasi lililozidhoofisha polepole, na Intel ilitoa msimbo wa kurekebisha, 0x129, Agosti 2024. Msimbo unazuia madhara mapya. Yaliyokwisha kutokea hauyarudishi. Ambayo ilitumika mwaka mzima bila kusasishwa ningeiacha.

Hatua ya 8: Baada ya kuunganisha

Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye ubao. Ingia BIOS, washa XMP au EXPO (mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa), vinginevyo RAM ya 3600 itaenda kwa 2133 au 2666 na utakuwa umelipia kasi usiyoitumia. Washa Resizable BAR. Ndani ya Windows, fungua GPU-Z utazame mstari wa njia za PCIe huku kadi ikiwa kazini; kama inasoma 3.0 mahali ulipotarajia 4.0, rudi kwenye mchomeko na mpangilio wa BIOS kabla hujalaumu chochote.

Kisha rudia kipimo cha hatua ya 2, kwenye gemu zile zile ulizoziandika. Kadi ikisoma asilimia 95 na zaidi na fremu zinatosha skrini yako, umemaliza. Kadi ikisinzia kwa asilimia 80 lakini skrini yako ya hezi 60 inapata fremu 60 zilizotulia, nako umemaliza. Pandisha ubora wa picha mpaka ijae. Prosesa ikiwa ndiyo inayokosa pumzi, shusha kwanza umbali wa kuona na idadi ya watu mitaani, zima ray tracing (ukokotoaji wa miale ya mwanga) ambayo nayo inailemea prosesa, na weka kizuizi cha fremu chini kidogo ya kikomo chake ili mishtuko itulie.